Mdundo hauanzii ubaoni: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu ya msingi

Waheshimiwa viongozi,

Shikamooni.

Nawaandikia ninyi mnaoandaa mitaala na vitabu, mnaolea walimu vyuoni, mnaogawa fedha za uendeshaji wa shule, pamoja na maofisa elimu wetu wa mikoa, wilaya na kata. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali mkoani Dodoma. Nafundisha Kiswahili, na nafundisha Sanaa na Michezo. Jambo langu ni moja tu: namna tunavyowafundisha watoto mdundo.

Kila asubuhi nikiingia darasa la tatu, watoto 94 wanasimama kwa pamoja na madawati yanalia. Kisha kinatokea kitu ambacho kwa miaka mingi nilikisikia bila kukisikiliza. Hakuna anayewahesabia, hakuna anayeinua mkono. Wanavuta pumzi mara moja, na sauti zote 94 zinatoka: shi-ka-moo, mwa-li-mu. Ile "moo" inavutwa, "li" inakanyagwa, "mu" inaangushwa na wote kwa mara moja kama kifuniko cha sufuria. Mtoto akihamia kutoka shule nyingine, siku ya kwanza anachelewa nusu ya silabi. Siku ya tatu humtambui tena kwa sauti. Ameshaingia. Hakuna mwalimu aliyemfundisha, na hakuna kitabu alichonakili.

Kipindi cha tano siku hiyohiyo, kwa watoto haohao, mimi nilikuwa nikiandika ubaoni: "Mdundo ni mpangilio wa mapigo yenye nguvu na yasiyo na nguvu." Wananakili. Nachora noti nzima, noti nusu, noti robo. Wananakili. Kengele inalia, nafuta ubao. Hivyo ndivyo nilivyofundisha mdundo kwa miaka mingi, na sikuwa mvivu. Nilikuwa nimelelewa katika kwaya ya kanisa Tanga, sol-fa, yale maandishi ya do, re, mi, naisoma kama gazeti, na niliamini kwamba kumwonyesha mtoto noti ndiko kumfundisha muziki.

Katika shule niliyokuwa kabla ya hii alikuwepo mvulana wa darasa la tano aliyekuwa hawezi kukaa bila kugonga dawati. Mnaijua ile karatasi ya wapiga kelele anayoandika kiranja mwalimu akitoka. Jina lake lilikuwa la kwanza karibu kila siku, na karibu kila siku aliadhibiwa. Kwenye mtihani wa muhula, sehemu ya muziki, alipata 2 kati ya 10. Nilisahihisha mimi mwenyewe. Siku ya mahafali mpiga ngoma mkubwa wa bendi ya shule aliamka na homa, na watoto wakamsukuma yule mvulana mbele. Aliongoza gwaride kuuzunguka uwanja wote bila kuyumba hata pigo moja. Wadogo wa darasa la kwanza, ambao siku zote miguu yao hutapakaa, walitembea kama uzi. Nilikaa kwenye kiti changu nikiifikiria ile 2. Ilikuwa alama yangu, si yake.

Lililonibadilisha zaidi lilitokea baada ya kuhamia huku. Nilikuwa nimewafundisha darasa la tatu wimbo mfupi, nikawaambia wausindikize kwa makofi. Upande wa madirisha wakapiga makofi mawili katika kila mzunguko. Upande wa mlango wakapiga matatu. Nikawasimamisha, nikawaambia hampigi pamoja, tuanze upya. Tukaanza upya mara tatu, na mara zote tatu ikawa vilevile. Mwishowe binti mmoja wa dawati la mbele akasimama, mikono nyuma, akasema kwa adabu: "Mwalimu, tunapiga pamoja."

Jumamosi ile nilialikwa harusini kwa jirani. Akina mama wa Kigogo walileta muheme, zile ngoma wanazozibana katikati ya mapaja, na niliposikiliza vizuri nikayasikia mawili na matatu ya darasa langu, yakiwa yamefumwa pamoja kama ukindu wa mkeka.

Waheshimiwa, nawaomba mjaribu hapohapo mlipo, juu ya meza. Hesabuni moja hadi sita, tena na tena, bila kusimama. Mkono wa kushoto ugonge kwenye moja na nne. Mkono wa kulia ugonge kwenye moja, tatu na tano. Kushoto mmepata mapigo mawili, kulia matatu, na yote yanakutana kwenye moja. Mtu mzima ambaye hakukulia kwenye ngoma huhitaji muda kuliweza jambo hili, na wengi mikono huwagomea. Watoto wangu wa miaka tisa walikuwa wakilifanya huku wanaimba, na mimi nikawaambia wamekosea.

Mpangilio wa kufundisha muziki tulioupokea kutoka nje huanza na mapigo manne ya sawasawa, moja mbili tatu nne, kisha mengine hufuata kwa ngazi. Mwendo wa sita, huu wa mawili ndani ya matatu, huja baadaye kama somo la waliokomaa. Huenda mpangilio huo ulifaa kule ulikotungwa. Kwa mtoto wa Chamwino tunamshusha ngazi ambayo ameshaipanda mgongoni mwa mama yake, halafu tunamngoja juu miaka mingi baadaye tumfundishe alichosahau.

Tazameni pia kinu. Wanawake watatu wakitwanga mtama kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, michi haigongani. Mmoja unashuka, mmoja uko juu, mmoja unanyanyuka. Binti anayeanza kuingizwa kwenye utwangaji huo hajifunzi kupiga, kwa maana kupiga ni rahisi. Anajifunza kungoja. Anajifunza kwamba pale mchi wake unapokuwa hewani bado yumo ndani ya kazi. Kwenye vitabu vya muziki kitu hicho kina alama yake, alama ya kimya, na ndicho kigumu kuliko vyote kufundisha darasani, kwa sababu mtoto akiona alama ya kimya anadhani ameambiwa aache. Siku hizi nasema "mchi hewani", nainua ngumi yangu juu, na ngumi 94 zinapanda. Tangu nianze hivyo sijalazimika tena kueleza kimya ni nini.

Najua wengi wenu mmesoma kuhusu njia kubwa za ufundishaji wa muziki duniani. Zoltán Kodály wa Hungaria, aliyeishi kati ya 1882 na 1967, alijenga yake juu ya nyimbo za watoto wa kwao. Carl Orff wa Ujerumani alianza na maneno, makofi na miguu kabla mtoto hajashika ala. Émile Jaques-Dalcroze wa Uswisi aliwatembeza wanafunzi wake ili mwili uujue muziki kabla ya vidole. Wenzetu wa Kenya hufundisha kwa majina ya mdundo yenye asili ya Ufaransa, taa na ta-te. Walimu vijana hapa kwetu wanazipata silabi za namna hii kwenye intaneti na kuzileta darasani kama zilivyo. Siwalaumu. Ni bora kuliko kunakili ubaoni.

Ila ninachokiona kwa wakubwa hao ni kwamba kila mmoja alianzia kwenye mdomo na miguu ya watoto wake. Kihungaria huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, kwa hiyo mtoto wa Budapest akifungua kinywa, uzito hutangulia, na mguu na neno vinaanza pamoja. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwa-LI-mu. Ki-TA-bu. Na-NA-si. Pa-ra-CHI-chi. Maneno yetu mengi hutanguliza silabi nyepesi, moja au mbili, mguu ungali hewani, kisha ndipo uzito unakanyaga. Katika noti, sauti hizo zinazotangulia pigo la kwanza huandikwa kabla ya mstari unaotenga fungu moja la mapigo na jingine, na vitabu vingi huziweka mbali kwa kuziona ngumu. Kwa mtoto anayesema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku, hapo ndipo penye mlango wa mbele wa nyumba.

Kwa hiyo nafanya hivi. Tunatoka nje, chini ya mwarobaini, kwa sababu darasa la jirani nao wana haki ya kusoma. Watoto wanatembea kwa duara. Mguu ndio pigo, na mguu haubadiliki, hata nikisema nini. Nasema "embe", wanalitia kwenye hatua, E-mbe, E-mbe. Nasema "nanasi", na hapo wa mwanzo wanajikwaa, kwa maana inabidi wafungue kinywa kabla mguu haujatua. Dakika mbili baadaye wote wamo. Kisha nusu ya duara wanashika embe na nusu wanashika parachichi. Kisha nawanyang'anya sauti: semeni moyoni, makofi yaseme. Kisha nawanyang'anya makofi, wanabaki na miguu tu, na nikiinua mkono wote wanalitamka neno kwa pamoja ili tuone nani amelipoteza njiani. Haya huchukua vipindi kadhaa. Hatujagusa chaki.

Chaki huja baadaye. Mwaka huu nilichora ubaoni noti fupi, mstari, noti ndefu, kisha fupi nyingine, nikageuka niwaulize ni nini. Kabla sijafungua mdomo, mtoto mmoja wa nyuma kabisa akasema: "Hiyo nanasi." Mtoto huyo kusoma bado kunamsumbua. Noti aliisoma.

Ombi langu kwenu, basi, ni kwamba mwongozo wa somo useme wazi: mdundo unafundishwa kwa mwili na sauti kwanza, maandishi baadaye, na upimwe kwa njia hiyohiyo. Mengine yote ninayoyaomba yanatoka hapo.

Naanza na upimaji, kwa sababu mwalimu hufundisha kile kitakachopimwa, na hilo hakuna asiyelijua. Swali la kuchagua a, b, c au d kuhusu maana ya mdundo linampima mtoto kumbukumbu ya maneno. Nami najua hofu yenu, kwamba kupima kwa vitendo darasa la watoto 94 hakuwezekani. Kunawezekana. Nawaita sita sita. Napiga makofi, wananijibu. Wanashika mwendo mmoja wakati darasa zima linawapitia juu na mwendo mwingine. Wanakaa kimya mapigo manne na kurudi kwa wakati. Mwisho kila mmoja anatunga kajibu kake mwenyewe. Makundi ni 16, la mwisho likiwa na wanne, na ndani ya vipindi vinne vya dakika 40 nimemaliza, alama ziko kwenye daftari langu. Tena wale wanaosubiri zamu hawapotezi muda, maana wao ndio darasa linalopita juu. Ninachokosa ni ruhusa ya kuzihesabu alama hizo kuwa alama kamili, zenye uzito sawa na za karatasi.

La pili ni sisi walimu wenyewe. Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa na michezo. Bagamoyo ipo TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, kinachofundisha taarabu na ngoma za visiwani. Ujuzi upo nchini. Lakini Sanaa na Michezo kwenye shule nyingi hufundishwa na yeyote mwenye nafasi kwenye ratiba, na wenzangu wengi huniambia wanaogopa kipindi cha muziki kwa sababu hawajui kuimba. Kwa mdundo hawahitaji kuimba! Wanahitaji miguu na saa chache za kuonyeshwa. Tunazo tayari jumuiya za kujifunza za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa humo na kusaidiana namna ya kufundisha kusoma na Hisabati. Tengeni vikao vichache kwa mwaka viwe vya mdundo, na viongozwe na mtu anayeupiga.

Na mtu huyo mara nyingi yuko nje ya geti. Karibu na shule yangu kuna mzee anayewamba ngoma. Anajua ngozi ikauke kiasi gani, moto uwe mbali kiasi gani, ngoma kubwa iseme nini na ndogo ijibu nini. Hana cheti cha aina yoyote. Kumwalika rasmi, na kumpa hata nauli na chakula cha mchana kutoka kwenye ruzuku ya uendeshaji, mwalimu mkuu anahitaji mwongozo unaomlinda wakaguzi wa hesabu wakija. Mpeni mwongozo huo. Wazee hawa hawatungoji.

Ala zenyewe zisiwatishe. Tunatumia madumu ya lita 20, ndoo zilizopasuka, vijiti, makopo ya maziwa yenye mbegu ndani. Ngoma mbili au tatu za kweli kwa shule zingetosha, mradi zisifungiwe kwenye kabati la mwalimu mkuu zikingoja mgeni rasmi. Hapo nina uchungu kidogo. Shule zetu zinapenda sana ngoma. Halaiki tunafanya, kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tunashindana, mbio za Mwenge zikipita watoto wako barabarani na njuga miguuni. Lakini wanaocheza ni wale 20 waliochaguliwa kwa kuwa walikuwa wanajua tayari, na waliobaki wanashangilia. Kikundi cha ngoma hakiwezi kuitwa somo. Shughuli ya mdundo inayomgusa kila mtoto bila kuchaguliwa imebaki ni mchakamchaka wa asubuhi, pale ambapo bado upo.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge Desemba 1962 akiwa Rais mpya, aliwauliza Watanganyika wangapi wanaweza kucheza gombe sugu au lelemama, ilhali rumba na cha-cha wanaziweza, kisha akaeleza kwa nini ameunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Swali lile lilihusu kucheza. Mimi nauliza juu ya mtoto ambaye anacheza tayari: anapovuka geti la shule na mguu wake unajua, tunampokea na nini?

Wapo wazazi wenye wasiwasi, na inafaa mwongozo uwafikirie. Mama mmoja alikuja kuniambia hataki mwanawe ashike ngoma, kwa sababu kwake ngoma ni mambo ya unyago na waganga. Nilimkaribisha akae chini ya mwarobaini atazame kipindi kizima. Tulizungumza juu ya ngoma za kwaya na dufu la maulidi. Mwishoni akasema mwanawe aendelee na makofi na miguu, ngoma hapana. Nikakubali. Yule mtoto anajua mdundo kama wenzake wote.

Watu hunishauri nikiandika kwa wakubwa niseme kwamba mdundo utainua ufaulu. Ni kweli kuwa wapo watafiti, kama Usha Goswami wa Chuo Kikuu cha Cambridge, waliochunguza kwa miaka mingi uhusiano kati ya kusikia mdundo na ugumu wa kusoma, na mimi kama mwalimu wa Kiswahili naona kwa macho yangu kwamba mtoto aliyezoea kupigia makofi silabi hapati taabu kuzigawa kwenye daftari. Hilo lichukueni kama nyongeza. Silitumii kuombea. Hatujawahi kumwambia mwalimu wa Hisabati athibitishe kwamba hesabu zinamsaidia mtoto kuimba. Mdundo ni kitu ambacho watu wetu wamekijua kwa undani kwa vizazi vingi, na mtoto anastahili kukipata shuleni kwa sababu ni chake.

Kipindi chetu ni Jumatano, cha tano, mara tu baada ya watoto kunywa uji. Ninawakaribisha. Msitume taarifa mapema, ili watoto wasipangwe kwa ajili yenu na vikundi visichaguliwe. Njooni mkiwa na viatu vya kutembelea, kwa kuwa hakutakuwa na viti. Mtaingia kwenye duara kama wengine, na mtoto aliye mbele yenu atawaonyesha mguu wa kuanzia.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Sanaa na Michezo, darasa la tatu
Dodoma